Mzabibu wa Mama na Elimu Yangu ya Jura

Mama alipokwenda Maskati kumlea dada yangu aliyejifungua, aliniachia jokofu lililojaa samaki wa kukaanga wa kulisha kikosi kizima cha askari, na aliniachia mzabibu. Juu ya samaki alisema tu, "Usiwamalize siku moja." Mzabibu ulipewa hotuba, pale mlangoni, mguu wake mmoja umeshaingia garini na shemeji yangu anapapasa usukani kwa haraka ya safari.

"Mie nakwenda siku arobaini, mwanangu. Maji kila siku ya tatu, kwenye shina, usinyunyize kama unaosha gari. Mbuzi wa jirani akitia kichwa, mfukuze. Na mtu asiuguse. Umenisikia? Hicho ndicho alichoniachia baba yako."

"Nimesikia, mama. Nenda salama. Utarudi uukute umenenepa."

Nilisema hivyo kwa kicheko. Siku zile nilicheka kwa kila jambo, maana nilikuwa nimehitimu. Sekondari niliimaliza nina miaka thelathini na ushei, kwa masomo ya usiku hapa Nizwa, bara ya Oman, na mchana nikiuza spea katika gereji moja kule Firq. Dawati moja nilikaa na mzee mwenye wajukuu kumi na mmoja, na katika hesabu nilimshinda, ingawa kwa shida. Cheti kilipotoka nilikitundika sebuleni juu kuliko saa ya ukutani. Toka siku ile hapakuwa na jambo nisilolijua. Ukiniuliza habari ya mwezi, najibu. Ukiniuliza habari ya figo, najibu, na nyongeza nakupa.

Mzabibu wenyewe baba aliupanda mwaka tuliohamia nyumba ile. Tulikuwa tumetoka Unguja na masanduku mawili na Kiarabu cha kuombea maji tu. Kipande cha tawi alipewa na mtu wa Jabal Akhdar, akashuka nacho mlimani kimefungwa kwenye gunia bichi, amekipakata kama mtoto. Akajenga uani chanja cha mabomba ya chuma ili upande juu yake. Baba alikwishafariki, mabomba yalishika kutu, na mzabibu ulikuwa umefunika ua mzima. Shina lake lilikuwa na unene wa paja langu, na mimi si mwembamba.

Joto la Nizwa linaivisha yai juu ya boneti, nimeliona kwa macho yangu. Lakini chini ya ule mzabibu palikuwa mahali pengine kabisa. Kila siku baada ya alasiri mama alitandika mkeka pale, akateremsha birika la kahawa, mashoga zake wakaja mmoja mmoja, na Kiswahili cha kwao kikasikika mpaka njiani. Zabibu zikiiva, kila nyumba ya mtaa ilipata sahani yake, hata wale tuliogombana nao.

Ila misimu miwili ya mwisho zabibu zilikuja ndogo kama pilipili manga, na zikiuma meno kwa ukali. Mama alikuwa akizigeuza mkononi anasema, "Umezeeka kama mie." Neno hilo lilinichoma. Na mtu aliyehitimu akichomwa, hakai kitako.

Ndipo nikamkumbuka Mfaransa wangu.

Alikuwa mhandisi wa barabara. Mwaka mmoja na nusu nyuma rejeta ya gari lake ilipasuka, na kwa kungojea nyingine kutoka Maskati alikaa siku tatu juu ya tairi mbele ya kaunta yangu. Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, tukaelewana kama ndugu. Siku ya kwanza nilikuwa nakula zabibu za mama. Akachukua moja, akaielekeza kwenye jua kama sonara anayekagua johari, akaila, kisha kokwa akazitemea kiganjani akazitazama rangi. "Bado kijani," alisema. "Zingengoja wiki." Akanambia kwao baba yake ana shamba la hizi.

Kwao ni Jura, mashariki ya Ufaransa, karibu na Uswisi. Si ile Ufaransa ya zabibu ambayo kila mtu ameisikia. Hata Wafaransa wenziwe, alisema, wengine humuuliza ni wapi huko. Vilima, misitu, ng'ombe wa maziwa, na udongo wa kijivu unaoganda kwenye viatu kama halwa. Baridi ya huko si hii yetu ya kujifunga shali. Mizabibu ikifungua macho yake ya kuchipuzia wakati theluji imeondoka, jalidi, ile baridi inayogandisha umande, usiku mmoja tu laweza kuua mavuno ya mwaka mzima, kwa hiyo baba yake na majirani huwasha mioto baina ya mistari na kukaa macho mpaka kuche. Akilieleza hilo jalidi, yule bwana alipunguza sauti, utadhani lingemsikia kule Firq.

Zabibu zao zina majina yao, na moja ni nyekundu ya ngozi nyembamba mno, ukiivuna kwa hasira inapasuka. Nyingine nyeupe huvunwa mwisho kabisa, na maji yake hutiwa kwenye pipa, yakaachwa miaka sita na miezi mitatu bila kuguswa. Kila mwaka pipa linapungua, na wao hawaliongezi. Juu yake hufanyika utando wa hamira kama malai ya mtindi, na huo utando ndio unaoyalinda. Hutoka mvinyo wa rangi ya dhahabu wenye harufu ya lozi na hiliki, hivyo alisema yeye. Na zipo zabibu wanazozilaza juu ya majani makavu miezi kadhaa mpaka zisinyae, ndipo wazikamue. Hapo nilimkatiza. "Hizo zikishasinyaa si ndizo zabibu zenyewe? Mnazikamuaje tena? Sisi tunatia kwenye pilau!" Alicheka mpaka akaanguka na tairi lake.

Hakunipa tone, wala sikumwomba. Sisi Waislamu, na yeye alilijua hilo vizuri. Nilimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu aliyetoka mwezini. Lakini mama nilipomsimulia habari ya pipa alishtuka, "Miaka sita! Astaghfirullah. Hata achari haikai miaka sita. Hawana wageni hao?"

Basi mwalimu wetu wa jiografia, Msudani mpole, alipotutaka tuandike juu ya nchi moja ya mbali na kilimo chake, wenzangu wote waliandika pamba ya Misri. Mimi niliandika Jura kurasa tisa, nikasimama nikazisoma, na darasa likanyamaza kama msikitini. Mwalimu alinipa alama za juu kabisa, akanivuta pembeni. "Kilimo kimekuja vizuri, ya akhi. Kile kilichomo kwenye pipa ungekiacha kwenye pipa." Mpaka leo naona haya. Lakini toka siku ile darasani waliniita Bwana Zabibu, na jina lile liliniingia kichwani.

Katika zile kurasa tisa mlikuwa na sehemu ya kupogoa. Mfaransa alinichorea juu ya boksi la breki: mwisho wa baridi baba yake hukata matawi yote ya mwaka uliopita, akaacha aina mbili. Moja refu, hulipinda kama upinde na kulifunga kwenye waya. Moja fupi, lenye macho mawili tu. Akaanza kueleza kazi ya kila moja, na papo hapo akaingia mteja wa kutaka plagi. Niliporudi nilichora lile fupi, kwa kuwa ndilo lililonishangaza. Macho mawili! Mti mkubwa vile kurejeshwa kwenye macho mawili, na bado uzae! Lile refu niliona ni pambo.

Siku ya kumi na tisa ya safari ya mama, Ijumaa baada ya sala, nilipanda ngazi na mkasi na msumeno.

Nikate vipi, nisikate vipi? Nilikata. Tawi lenye unene wa kidole, macho mawili, tupa. Tawi lenye unene wa mkono, macho mawili, tupa. Jua likizama rundo chini lilikuwa refu kunishinda, na juu ya chanja yalibaki makonzi tu, kama mikono ya mtu aliyekatwa vidole vyote. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni niliiona mbingu kutoka uani kwetu. Nilijisifu muda wa kunywa gilasi moja ya maji. Kisha nikaitazama tena ile mbingu, nikaanza kuhesabu siku zilizobaki mama arudi.

Asubuhi nilisikia tip, tip, tip. Nilidhani bomba limepasuka. Nikatoka. Sakafu yote ya ua imelowa, na kutoka kwenye kila mkato, kila mmoja, maji yanadondoka, meupe, mepesi, bila kusita. Mzabibu wa baba yangu ulikuwa unatokwa na roho.

Jirani yetu, bibi wa Kipemba, shoga mkubwa wa mama, aliona ua umekuwa mweupe kupita kiasi. Akapanda kitu upande wake, kichwa kikatokeza juu ya ukuta.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema.

"Marahaba. Kumekuja nzige?"

"Nimeupogoa. Kwa elimu."

"Elimu ya wapi?"

"Ya Ufaransa."

Akatazama matone, akatazama rundo, akanitazama mimi. "Na hayo maji, nayo ni ya Ufaransa? We mwana we! Mamako anajua?"

"Ntamwambia, inshallah."

"Inshallah ya namna hiyo naijua mie." Kichwa kikazama.

Nilianza na vitambaa. Nilichana kanzu yangu ya zamani nikafunga kila jeraha, matone yakapita. Nikatia majivu, yakaoshwa. Basi mtu hufanya anachokijua, na mimi najua gereji. Nilikwenda Firq siku ya mapumziko, nikafungua duka kwa ajili yangu mwenyewe, nikarudi na mirija saba ya silikoni nyekundu, ile ya kuzibia gasketi ya injini isivuje mafuta. Hiyo huzuia mafuta yanayochemka, itashindwa na mti? Nikakausha kila mkato kwa kitambaa, nikapaka, nikabonyeza kwa kidole gumba, kama inavyoandikwa kwenye mrija. Nilipaka mikato mia, na wallahi sikuruka hata mmoja.

Kichwa cha jirani kikatokeza. "Hivyo unauguza mti au unafunga injini?"

Nikakusanya mirija mitupu, nikashuka ngazi. Alfajiri ya pili mzabibu ulikuwa umejaa vidonda vyekundu, na maji yalikuwa yakitoka chini ya silikoni, palepale, tip, tip.

Na kila siku baada ya magharibi simu inalia. Hilo ndilo lililokuwa likinimaliza. Mama alikuwa akianza na mtoto, amenyonya, amelala, amefanana na marehemu, na mimi nangojea huku jasho linanitoka katika mwezi wa Februari.

"Na mzabibu wangu haujambo?"

"Upo, mama."

"Umepata maji?"

"Maji!" nikasema. "Maji yapo tele."

"Sauti yako mbona hivyo? Umeumwa?"

"Samaki, mama. Nimekula wengi."

Sikusema uongo hata neno moja, na sijapata kujiona mwongo kama siku zile. Kumpigia Mfaransa sikuweza. Mkataba wake uliisha, alipeana mikono na gereji nzima akaondoka, na wala sikumtaka anwani, kwa kuwa nilidhani nimeshajifunza yote. Nikatoa daftari langu la kurasa tisa, nikalisoma kama msomaji anayetafuta dua. Pipa, utando, miaka sita, jalidi. Habari ya mzabibu kulia haimo. Ama hakuniambia, ama alikuwa anangoja nimalizane na mteja wa plagi.

Siku ya thelathini na moja matone yakakoma. Ungetaraji nifurahi. Nilikaa juu ya ngazi nikaingiwa na hofu mpya, mbaya kuliko ya kwanza, maana anayelia yu hai. Huu ulikuwa umenyamaza. Nikawa naamka, naingia uani kabla ya kunawa uso, napanda, nakagua jicho baada ya jicho. Kavu, kahawia, gumu kama kokwa ya tende. Upande wa pili wa ukuta jirani ana mzabibu mdogo, kitu cha juzi tu, umejitambalia wenyewe bila kuguswa na msomi yeyote.

"Wangu umeshatoa majani," alisema. Hakusema kwa kejeli, na hilo likaniumiza zaidi.

"Bi mkubwa, umemwambia mama?"

"Mie? Mie sina mdomo wa kumwambia. Hilo utalisema kwa mdomo wako."

Siku ya arobaini gari la shemeji lilisimama nje saa ya adhuhuri. Nilikuwa nimefagia ua mara nne. Nilikuwa nimepika, mimi, biriani. Mama akashuka, nikamshika mikono, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, umekonda," na huku anaitikia anaangalia juu ya bega langu, ndani, kwenye ule mwanga. Uani kwetu hapajapata kuwa na mwanga ule. Akanipita bila kuvua buibui.

Alisimama katikati, jua linampiga usoni, akiyatazama makonzi yenye silikoni nyekundu.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, hilo nitajisifu. Nilieleza Jura yote, vilima, udongo, baba wa Mfaransa, kwamba mti ukipunguzwa nguvu zake hukusanyika, kwamba nilitaka arudi akute zabibu kubwa kama za zamani. Aliniacha nimalize. Mama hakunikatiza hata siku moja katika maisha yake.

"Huko kwao kuna baridi?" akauliza.

"Baridi ya ajabu, mama. Theluji."

"Basi wao wanaukata ili wapate jua." Akainua mkono akajikinga macho. "Na mie, mwanangu, nani alikwambia nimekosa jua?"

Kurasa tisa, na neno hilo halikunijia hata mara moja.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Saa ya alasiri alitandika mkeka palepale pa siku zote, akakaa juani. Mashoga zake walipokuja wakataka kuhamia ukumbini, alikataa. "Hapa ndipo pangu," alisema, na wale bibi wote wakakaa na kahawa yao wanakunja nyuso, wananitazama nilivyosimama mlangoni. Siku ya pili vilevile. Mimi hakunisemesha ila kwa lazima: chumvi, mlango, zima taa. Usiku nilimsikia akijigeuza. Nilijua anafikiri nini, kwa kuwa na mimi ndicho nilichofikiri: kwamba baba amekufa mara mbili, na mara hii nimemuua mimi.

Nilileta mwavuli mkubwa wa gereji, ule wa kumkinga fundi. Sina pa kuuchomeka kwenye saruji, kwa hiyo niliushika kwa mkono. Kila alasiri nikitoka kazini nilisimama nyuma ya mama na ule mwavuli kama mtumwa wa sultani, saa nzima, saa mbili, na wale bibi wakiendelea na habari zao za Malindi na Vuga, mitaa ya Unguja, kana kwamba mimi ni nguzo.

Siku ya tisa baada ya kurudi kwake nilimsikia ananiita kutoka uani, asubuhi, kwa jina langu la utotoni. Nilipotoka nilimkuta amepanda ngazi, mama, mwenye magoti ya kuuma, na kisu cha kumenyea vitunguu mkononi. Alikuwa anabandua silikoni, taratibu, kipande kwa kipande.

"Panda huku. Polepole. Tazama."

Chini ya ngozi nyekundu niliyoipaka mimi jicho lilikuwa limevimba, limepasuka kidogo, na ndani yake kulikuwa na kitu kama pamba, cha rangi ya waridi. Nikanyoosha kidole.

"Usiguse!" akasema. Kisha tukabaki pale juu, mimi na yeye kwenye ngazi moja, tunakagua. La pili nalo. La tatu. Lingine lilikuwa bado kavu, na hilo alilitazama zaidi kuliko yote.

Wiki moja baadaye machipukizi yalitoka kila mahali kwa fujo, hata kwenye shina tupu, na kufika joto kubwa majani yalikuwa yameshafunika nusu ya chanja. Mwavuli niliurudisha Firq. Lakini nilikuwa sijapumua, kwa maana sasa nilikuwa natafuta maua. Niliinua kila jani. Nilitafuta kwa wiki nzima na sikuona kitu. Mzabibu ulikuwa na majani makubwa kama sahani za pilau, na zabibu hata moja haukuwa nayo.

Ndipo nikamwelewa Mfaransa, peke yangu, karibu miaka miwili baada ya maelezo yake. Iko mizabibu isiyozaa kwenye macho ya chini, ya karibu na shina. Huzaa mbele, kwenye tawi refu. Ule upinde haukuwa pambo. Tawi fupi liliachwa kwa ajili ya mwaka ujao, na refu kwa ajili ya mwaka huu, na mimi niliukata mwaka huu wote nikautupia mbuzi.

Nilimweleza mama. Alisikiliza huku anachambua mchele. "Kwa hiyo mwaka ujao upo?"

"Inshallah upo."

"Kwa ile inshallah yako, au ya kweli?"

Nikasema ya kweli, nikamsaidia kuchambua mchele.

Msimu ule mtaa mzima ulingojea sahani, kwa mazoea, na sahani hazikutoka. Siku moja alasiri nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko nikamsikia mgeni mmoja, bibi wa Ibra aliyekuja kumtazama, anasifia kile kivuli na kuuliza zabibu ziko wapi, mbona anaona majani matupu. Jirani yetu wa Kipemba alikohoa.

"Mwaka huu hatuna," mama akasema, na nikasikia kahawa ikimiminwa. "Mwanangu amehitimu. Karibu tende, bibi, hizi hazijasoma."